Maneno Meupe kwenye Ukurasa Mweupe

Shemeji, ndugu wa mwenye nyumba, alikuja Jumapili mchana, saa ambayo mgeni huwezi kumfukuza, akakaa kwenye kiti cha wateja na kunyoosha miguu kama yuko kwake. Kiti cha wateja kilikuwa sebuleni kwa sababu karakana na sebule vilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu makochi na televisheni; upande ule cherehani ya ngozi, makopo ya gundi, vipande vya soli, na kalibu za mbao zenye umbo la mguu zikining'inia ukutani mbili mbili. Kila jozi ilikuwa na kalibu moja kubwa na moja ndogo, kama mtu na mdogo wake. Kazi ya mwenye nyumba ilikuwa kutengeneza viatu vya watu ambao mguu mmoja umeuacha mwenzake nyuma.

"Kaka, nafasi bado ipo," alisema Shemeji. "Mlinzi wa geti, pale bohari kwetu. Nimembembeleza bosi mpaka ameniona kero. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha."

"Mimi ni fundi viatu," alijibu kaka yake, ambaye mtaa mzima walimwita Fundi tu.

"Wa viatu vya nani? Nimekaa hapa muda wote huu, hata inzi hajabisha hodi."

Bi Tulia, mke wa Fundi, aliweka vikombe mezani. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya sauti yake ya chini na mwendo wake wa taratibu. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli nene, upana wa vidole vinne, lakini ilikuwa imechongwa kwa ustadi na kufunikwa ngozi ile ile, hata asiyejua angedhani ni mtindo. Maneno ya Shemeji yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Zamani daktari wa mifupa alikuwa akimaliza kumwona mgonjwa anamwelekeza: vuka barabara, uliza kwa Fundi. Kisha hospitali ikafungua duka lake humo humo ndani, viatu vya kuletwa kwenye maboksi, na watu wakaacha kuvuka barabara.

"Siku hizi biashara iko mtandaoni," Fundi alisema, akijiweka sawa. "Tumefungua tovuti. Ukitafuta, sisi ndio wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Hebu ona."

Alitoa simu, akaandika, akampa. Kweli, pale juu kabisa palisomeka: Karakana ya Heshima. Shemeji akatikisa kichwa kwa kustaajabu, kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni.

"Ngoja na mimi nione."

Akaandika. Akatelezesha kidole. Akatelezesha tena. Bi Tulia alimwona midomo ikianza kucheza.

"Hapa naona duka la hospitali. Halafu muuza viatu vya shule. Halafu… huyu nani, anauza kandambili. Kaka, hata muuza kandambili yupo! Wewe uko ukurasa wa ngapi?"

"Labda mtandao wako uko chini."

"Mtandao uko juu, kaka. Wewe ndiye uko chini."

Shemeji alicheka mpaka kikombe kikagonga kisahani. Fundi naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa akasema hakuumia. Bi Tulia aliingia nyuma ya pazia na kuanza kupanga vipande vya ngozi ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Mgeni alipoondoka, ndipo binti yao wa mwisho, Kitinda, alipofungua mdomo. Yeye alifanya kazi kwenye steshenari, kutoa nakala na kuwajazia watu maombi kwenye kompyuta, na mambo haya aliyaona kila siku.

"Baba, simu yako inakujua. Unaingia kwenye tovuti yetu asubuhi, mchana na jioni. Imeona unapenda kwako, basi inakupeleka kwako. Kwenye simu ya mtu mwingine sisi hatupo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha, Baba."

Fundi aliitazama simu yake kama rafiki aliyekuwa akimdanganya kwa kumhurumia.

"Niambie basi, wewe uliyesoma. Tumekosea wapi?"

Kitinda akavuta kigoda. "Kuna mtambo unaopita mtandaoni kama karani wa sensa. Unaingia ukurasa hadi ukurasa, unasoma kilichoandikwa, unakumbuka. Mtu akiuliza kitu, unampa ukurasa unaojibu swali lake. Sasa sisi tumeandika nini?" Akasoma kwa sauti: "Karibu Heshima. Tunakuletea faraja katika kila hatua ya maisha."

"Maneno mazuri," alisema Bi Tulia. Ni yeye aliyeyatunga.

"Mazuri, Mama. Lakini mtambo ukisoma hapo utajua tunauza nini? Bima? Majeneza?"

"Picha za viatu si zipo!" Fundi aling'aka.

"Picha haikuandikiwa neno hata moja. Mtambo unaipita kama kipofu anavyolipita dirisha. Na kichwa cha ukurasa tumeandika Nyumbani. Nyumbani kwa nani?"

Hapo wote walicheka, hata Bi Tulia. Kisha Kitinda akasema kwamba kazi ya kwanza ni kujua watu wanauliza kwa maneno gani, si sisi tunapenda kuitwaje. Akaanza kuandika polepole kwenye simu yake: mtoto wangu. Kabla hajamaliza, simu ikaanza kumkamilishia yenyewe, kwa yale ambayo watu wengine wameyauliza mara nyingi. Mtoto wangu anachechemea. Mguu mmoja mfupi dawa yake. Kiatu cha kilema bei gani. Viatu vya viwete vinapatikana wapi.

"Haya ndiyo maneno yao," alisema Kitinda. "Tukiyaandika, watatupata."

"Funga hiyo," alisema Bi Tulia.

"Mama, si mimi ninaye—"

"Nimesema funga."

Katika nyumba ile kulikuwa na utaratibu. Mteja akiingia, hakuulizwa mguu mbovu ni upi. Aliulizwa, "Tuanze na upi?" na yeye mwenyewe angeunyoosha anaotaka. Utaratibu huo aliuweka Bi Tulia siku alipoolewa, na Fundi aliushika kama sala. Watu wazima waliwahi kulia pale kwenye kile kiti, kwa kuulizwa hivyo tu.

"Maneno hayo nimeyasikia nyuma yangu tangu nina meno ya utoto," alisema Bi Tulia. "Sokoni, shuleni, kisimani. Humu ndani hayaingii. Afadhali tufe njaa tukiwa na adabu zetu."

"Tutakufa nazo kweli," Fundi alinong'ona, na akajuta hapo hapo.

*

Kesho yake Bi Tulia alivaa vizuri akaenda mwenyewe kwa yule kijana aliyewatengenezea tovuti. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba cha vioo chenye benchi la kungojea, na mlangoni kibandiko: Mtaalamu wa Mitandao. Ngazi zilikuwa ndefu. Alipofika juu alisimama kwanza, akapumua, akaufuta uso, kwa maana hakupenda kuonekana amechoka na ngazi.

"Mama yangu, karibu!" Mtaalamu alisema bila kuinua macho. "Tovuti inasemaje?"

"Haisemi kitu, baba. Watu hawaioni."

Akamweleza. Aliyazungukia yale maneno kama mtu anavyozunguka dimbwi. Mtaalamu akasikiliza, akapiga kofi mezani.

"Hilo tu? Dogo sana. Unataka maneno yawepo, lakini hutaki yaonekane. Tunaandika kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe! Mtambo unasoma, binadamu haoni."

"Hata mume wangu hataona?"

"Hata mimi mwenyewe nikisahau nilikoyaweka sitayaona."

Bi Tulia alihisi mzigo ukishuka mabegani. Alikuwa amekuja tayari kushindwa, na sasa hapa kuna dawa isiyo chungu. "Haya, weka."

"Nitajie."

Aligeuka. Kwenye benchi walikuwa watu wawili wanangoja zamu yao, mmoja amekunja gazeti. Akainama, akamnong'oneza.

"Kilema!" Mtaalamu alirudia kwa sauti huku akigonga vibonye. "Nimeweka. Na kingine? Kiwete, nimeweka. Mguu mfupi. Anayechechemea, hilo zuri, wengi wanalitumia. Kingine mama?"

Mwenye gazeti aliliteremsha kidogo, akaangalia kiatu cha kushoto, akalipandisha tena haraka.

"Yanatosha," alisema Bi Tulia.

"Tunayarudia ukurasa mzima. Juu, chini, hata chini ya picha. Mtambo ukikutana nayo kila pembe utajua hapa ndipo kwenyewe. Mama, utanikumbuka kwenye maombi yako."

Alishuka zile ngazi akishika ukuta. Nyumbani aliulizwa alikuwa wapi, akasema alipitia sokoni. Hakuna aliyemuuliza mbona amerudi na mikono mitupu.

*

Basi simu ikaanza kuita. Kwanza alipiga mwanamume mmoja, sauti ya kukata kata, akaja akapimwa. Halafu akaja mwalimu mstaafu, halafu msichana wa kazi za saluni aliyetaka kiatu cha harusi na akasema wazi kwamba hataki bwana harusi ajue unene wa soli mpaka siku yenyewe. Fundi alirudisha wimbo wake wa zamani wa kupiga mluzi, ambao haukuwa na mwanzo wala mwisho. Cherehani ilikoroma tangu asubuhi.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Mambo yakitulia, watu wanakuja wenyewe. Bila hata kuandika yale matusi."

Bi Tulia aliinama akakata uzi kwa meno. Alimwona mumewe amerudi ujana, na akajiambia kwamba siri nyingine ni sadaka.

Fundi akampigia ndugu yake simu. "Ile nafasi mpe mwingine," alisema, na sauti yake ilikuwa na ukarimu wa mtu aliyeshiba. "Mwambie bosi fundi ana kazi."

"Hongera, kaka," alisema Shemeji. "Lakini sitarudi kumpigia magoti mara ya pili."

Kisha simu ikanyamaza. Siku ya kwanza walidhani chaji imeisha. Siku zilizofuata Fundi alimpigia Kitinda kazini ampigie yeye, kuhakikisha kwamba simu inaita. Ilikuwa inaita. Msichana wa harusi alichukua viatu vyake akaondoka anaruka kwa furaha, na baada yake hakuingia mtu mwingine.

Kitinda alitafuta kwenye kompyuta ya kazini. Aliandika maneno yote anayoyajua. Mwishowe akaandika jina la karakana lenyewe, herufi kwa herufi, kitu ambacho hata zamani kilikubali. Hakuna. Muuza kandambili alikuwepo. Wao hawakuwepo hata mkiani.

Jioni ile alirudi na kompyuta ndogo ya kuazima, akaifungua mezani, baba yake upande huu na mama yake upande ule.

"Baba, kuna kitu hakieleweki. Ukurasa wetu umekuwa mrefu, lakini sioni kilichoongezwa. Angalieni chini hapa, peupe tu."

Akaweka kidole, akakivuta toka juu mpaka chini, kama mtu anayetaka kunakili maandishi. Popote kidole kilipopita palitokea rangi ya buluu, na ndani ya buluu yakatokea maneno, yamejipanga kama siafu. Kilema kilema kiwete mguu mfupi kilema anachechemea kiwete kilema. Yakapita juu, yakapita pembeni. Yakafika kwenye picha ya Bi Tulia ameketi kwenye kiti cha wateja, anatabasamu, mikono mapajani, na chini ya picha ile yalikuwa mengi kuliko kwingine.

Fundi alisogeza uso karibu na kioo. Alisoma taratibu, midomo ikitembea.

"Nani ameandika haya chini ya picha ya mke wangu?"

Kitinda akavuta kiti nyuma.

"Kitinda, si ni wewe uliyeyataka?"

"Wallahi si mimi, Baba!"

"Ni mimi," alisema Bi Tulia.

Fundi hakugeuka. Aliendelea kutazama picha.

"Wewe."

"Nilimwambia ayafiche. Alisema hayataonekana na mtu."

"Niliwahi kupigana na mtu stendi kwa neno hili, unakumbuka? Jino langu hili halikurudi. Na sasa wewe umeyaleta nyumbani, umeyafungia chini ya uso wako mwenyewe, halafu unanipikia, tunakula, tunalala."

"Ulikuwa unapiga mluzi," alisema Bi Tulia. "Nilitaka uendelee."

Kitinda alimpigia Mtaalamu, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Mtaalamu alisema, bila hata kuona haya, kwamba yeye alifanya alichoagizwa na mama, na kwamba siku hizi mtambo umekuwa mkali. Akakata. Ndipo Kitinda akaeleza lililobaki, akitazama chini. Kile unachouonyesha mtambo ndicho unachopaswa kumwonyesha mtu. Ukiuonyesha mtambo kingine na mtu kingine, unahesabiwa tapeli, unatolewa kabisa, hata ukitafutwa kwa jina lako.

"Mimi tapeli?" Bi Tulia aliuliza. Aliinuka akaenda nyuma ya pazia, akakaa katikati ya zile kalibu, na safari hii hakujisumbua kupanga chochote.

*

Fundi mwenyewe alikwenda kwa ndugu yake. Hakutaka kusindikizwa. Alirudi na sare kwenye mfuko wa nailoni: shati la buluu lenye mabega magumu, suruali, kofia.

"Amekupa?" Bi Tulia aliuliza.

"Alikuwa ameshampa mtu. Amemtoa." Akaitundika kofia kwenye msumari. "Kwanza alinikalisha pale nje kwenye jua, na makuli wote wananiona. Halafu akatoka akasema, kaka, nilikuwa nimekusahau. Haya. Ni ndugu yangu, ana haki ya kunichezea kidogo."

"Na cherehani?"

"Kuna mtu ataiangalia mwisho wa mwezi. Akiipenda, aichukue."

Akaifunika kwa shuka kuukuu, akazichomeka pembe zake chini vizuri, kama anavyofunikwa mgonjwa. Asubuhi alivaa lile shati akatoka, na Bi Tulia alimtazama mpaka kona. Lilimpwaya mgongoni. Mume wake hakuwahi kuonekana mdogo kiasi kile.

Siku hiyo alimsubiri Kitinda atoke kazini. Hata viatu hakumwachia avue.

"Leta ile kompyuta. Futa kila kitu. Tunaanza upya."

"Tuandike nini, Mama?"

"Ukurasa unaojibu swali. Si ndivyo ulivyosema? Sasa andika ninavyokwambia, usinirekebishe." Alishika magoti yake. "Andika: Je, mguu wako mmoja ni mfupi? Wangu pia."

Vidole vya Kitinda vilisimama.

"Andika, mwanangu, usinikodolee macho. Wangu wa kushoto. Niliugua nikiwa mdogo, mguu ukabaki pale pale, mwili ukaendelea. Kama mtoto wako anachechemea, huenda kuna watu wamemwita kilema. Mimi nimeitwa hivyo na watu ambao majina yao nayakumbuka yote. Sisi tunatengeneza kiatu cha mguu mfupi. Tunapima miguu yote miwili. Tunanyanyua soli kwa kiasi cha mguu wako wewe, si kwa kiasi cha boksi."

"Hapo umewapiga hospitali," Kitinda alicheka huku anafuta macho.

"Kwani nimewataja? Niongeze tena lile neno?"

"Hapana, mara moja inatosha. Mtambo haupendi kurudiwarudiwa."

"Hata mimi sipendi."

Walikwenda hivyo mpaka wali ukashika chini ya sufuria. Chini ya kila picha wakaandika ni kiatu gani, cha mguu upi, soli imenyanyuliwa kiasi gani. Kichwa cha ukurasa hakikuwa Nyumbani tena. Kilisema kazi yenyewe na mtaa wenyewe, waziwazi. Maelekezo ya njia yakaandikwa kama anavyoelekezwa mtu barabarani. Yule mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa akiandika habari za wastaafu wenzake mtandaoni, aliombwa awataje, akasema atawataja kwa moyo mweupe, maana hajawahi kutembea bila maumivu hivi. Kitinda alisema hilo ni jambo kubwa, mtu mwingine akikunyooshea kidole mtambo unaamini kuliko unapojisifu mwenyewe.

"Sasa tuwaandikie wenye mtambo," alimalizia. "Tuseme tulikosea, tumeondoa, tunaomba turudishwe."

"Watajibu?"

"Watajibu. Siku wakitaka."

Fundi aliporudi alionyeshwa ukurasa. Alivua kofia kwanza. Akasoma mstari wa kwanza, akaurudia. Kisha akavuta kidole juu ya ukurasa mzima, toka juu mpaka chini, kutafuta kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine.

"Watu wote watakusoma," alisema.

"Ndiyo."

"Hata ndugu yangu."

"Yeye ndiye asome kwanza."

Fundi hakucheka. Alisema amechoka kusimama, akaenda kulala. Mwenye kutaka cherehani alikuja kabla ya siku yake, akafunua shuka, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akasema atarudi na gari.

*

Mwanamke mmoja alibisha hodi asubuhi moja, na mtoto wa kike amejificha nyuma ya gauni lake. Vumbi la safari lilikuwa limewafika kwenye kope.

"Samahani mama, ni hapa kwa… kwa yule…" Alitoa simu, akaiangalia, akamwangalia Bi Tulia chini mpaka juu, na uso ukamlegea. "Ni wewe. Ni wewe uliyeandika."

"Ni mimi. Ingieni."

Alikuwa ametoka mbali, wamelala njiani. Alisema alikuwa akiuliza simu yake kila siku, na kila siku inamletea madawa na mafuta ya kuchua, mpaka juzi ikamletea swali. Aliposoma lile jibu la maneno mawili alikaa chini. Hakupiga simu, aliogopa angesikia sauti akakata tamaa ya kuja. Basi la kurudi lilikuwa linaondoka mchana huo huo. Aliacha watoto wengine kwa jirani.

"Fundi yuko wapi?"

Bi Tulia alitazama cherehani chini ya shuka lake. Alitazama mtoto, ambaye alikuwa amesimama kwa ncha ya vidole vya mguu mmoja, mwili umelala upande, kama anayechungulia kitu nyuma ya ukuta.

"Yuko kazini," alisema. "Twendeni."

Bohari lilikuwa mwendo wa kutosha kwa watu wanaotembea kama wao, lakini hakuna aliyelalamika. Geti lilikuwa refu, la chuma, la kusukumwa kwa bega. Fundi alisimama kando yake na kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Alipomwona mkewe alidhani kuna msiba.

"Kuna nini?"

"Mteja. Ametupata mtandaoni. Basi lake linaondoka mchana."

"Niko zamu, mke wangu. Siwezi kutoka hapa."

"Usitoke. Nimekuletea."

Fundi alitazama nyuma, kwenye dirisha la ofisi. Akamtazama mtoto. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya jiwe, akapiga magoti pale pale kwenye changarawe kwa lile shati la mabega magumu. Bi Tulia akamtolea utepe wa kupimia kwenye mkoba, na gazeti la kuchorea nyayo.

"Mama, huyu malaika jina lake nani? Haya, niegemee hapa begani. Egemea kabisa, sivunjiki."

Mtoto aliweka mkono. Lori likafika nje ya geti likapiga honi. Fundi alikuwa anapitisha penseli kuzunguka kisigino. Lori la pili likaja nyuma ya la kwanza, nalo likapiga. Mlango wa ofisi ukafunguka.

"Kaka! Wewe kaka! Geti!"

Shemeji alikuwa anakuja mbio, tai imepinduka begani. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika unyayo wa mtoto kwenye kiganja, anaupima kwa macho, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeko mbali na malori yote ya dunia.

Bi Tulia alikwenda kwenye geti. Alishika komeo, akalivuta, akaweka bega kwenye chuma na kusukuma. Geti lilikuwa zito. Mguu wa kulia ulichimba changarawe, wa kushoto ulipiga hatua yake, ukaangukia upande, ukapiga tena. Dereva alichungulia dirishani.

"Bibi, mguu huo utaliweza geti?"

"Huu mfupi ndio unasukuma," alisema kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. "Mrefu unasindikiza tu. Wewe ingiza lori lako."

Makuli waliangua kicheko, na dereva naye, akainua mkono wa heshima, akaingia. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya vumbi, hajui aanze na nani.

"Kaka, unajua bosi akiona haya mimi nitasema nini?"

Fundi alikunja gazeti lenye nyayo mbili, moja kubwa na moja ndogo, akaliingiza ndani ya shati. Alijifuta magoti. Alimtazama ndugu yake, akatazama foleni ya malori, akamgeukia yule mwanamke.

"Njoo Jumamosi," alimwambia. "Kitakuwa tayari."

"Utakuwa hapa au nyumbani?"

"Nyumbani."

Bi Tulia, bega bado liko kwenye chuma, alisikia. Lori la pili lilipiga honi, naye akaendelea kusukuma.